Uzito wa Mzee Dornbusch

Katika nyumba ya wazee ya Mierebi, iliyo nyuma ya kiwanda cha milango pale Garland, karibu na Dallas, Jumatatu ilikuwa siku ya mizani. Tharcisse alianza saa moja asubuhi na chumba cha kwanza, akiwahamisha wazee mmoja mmoja kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha mizani, akiandika paundi zao kwenye karatasi ya wiki, akiwarudisha kabla uji haujapoa. Bi Lorene wa chumba cha tatu, mia moja hamsini na mbili. Mapacha wa chumba cha saba, ambao kwa miaka themanini hawakuwahi kupishana hata paundi moja, mia na ishirini kila mmoja. Chumba cha kumi na nne, Mzee Kaspar Dornbusch, paundi kumi na tisa.

Wiki iliyotangulia alikuwa na ishirini na mbili. Tharcisse aliandika kumi na tisa, akamwinua mzee kwa mkono mmoja, akamlaza, akamfunga kiunoni kwa shuka ili kiyoyozi kisimpeperushe.

Mzee alizaliwa mwaka 1729. Kompyuta ya ofisini ilikataa mwaka huo, kwa hiyo msimamizi aliandika 1929 na kusema tofauti si kubwa. Enzi zake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo wa Ujerumani, akatunga nyimbo mia nne na kumi na mbili, akaandika na kitabu kimoja cha kuwasaidia walimu wa kwaya wa makanisa maskini. Kitabu kile bwana mmoja mkubwa wa mji mkubwa alikiazima, akakipiga chapa kwa jina lake mwenyewe. Nyimbo zilibaki kabatini, zikarithiwa pamoja na kabati, zikauzwa pamoja na kabati, mpaka mjane mmoja wa Dallas mwenye pesa za mafuta akalinunua kabati hilo kwa sababu aliipenda miguu yake. Makaratasi aliyapeleka maktaba, wakayatia stoo ya chini ya ardhi. Mwaka 1996 bomba likapasuka humo. Karatasi zilizolowa zikatupwa. Mzee alikuwa ameyafuata makaratasi yake zaidi ya miaka mia mbili, kila yalikokwenda, kama abiria asiyekubali kuachana na mizigo yake. Sasa akabaki stooni bila shughuli. Akapanda ngazi, akatoka. Walimkuta kituo cha basi akichuruzika maji, na kwa kuwa hakuwa na ndugu wa kumtilia saini, akaletwa Mierebi.

Koti lake halikukauka tangu siku ile. Walilianika juani, walilitia kwenye mashine ya kukaushia, mashine ikaharibika. Basi wakalitundika nyuma ya mlango, wakaweka ndoo chini yake, na kila zamu ikajua kwamba kumwaga ndoo ya chumba cha kumi na nne ni sehemu ya kazi.

Daktari aliagiza siagi, kisha maziwa mazito ya chokoleti mara tatu kwa siku. Mzee alikula na kunywa vyote kwa adabu, na kila Jumatatu alikuwa amepungua. Wakaguzi wa serikali hawapendi wazee wanaopungua, kwa hiyo msimamizi alishauri kwamba siku ya mizani atiwe makopo ya pichi mifukoni. Tharcisse alikataa kwa upole. Baba yake alikuwa muuza samaki Uvira, mji wa Wakongo kando ya ziwa, na katika mambo yote aliyomkataza mwanawe, kudanganya mizani lilikuwa la kwanza.

Mzee mwenyewe aliijua sababu. Alizungumza Kijerumani na kila mtu, na kila mtu alimsikia kwa lugha ya kwao: muuguzi wa kutoka India alimsikia kwa Kimalayalam, na Tharcisse alimsikia kwa Kiswahili cha Uvira, na lafudhi ya mtaa wake kabisa. Alisema anapungua kadiri anavyosahauliwa. Zamani karatasi ndizo zilizomshikilia, ijapokuwa hazikusomwa na mtu. Sasa alikuwa amebakiwa na kichwa chake tu, na kichwa nacho kilikuwa kinavuja. Nyimbo mia nne na kumi na moja zilikwisha kumtoka. Mmoja alikuwa bado anao, na hata huo ulikuwa unamponyoka.

"Ukienda huo," alisema, "na mimi naenda nao. Usifungue dirisha siku hiyo."

Hapa yafaa Tharcisse ajulikane vizuri, maana aliyesikia maneno hayo hakuwa mtu wa kawaida, ingawa kitambulisho chake kilisema yeye ni mwosha wazee. Uvira alikuwa mwalimu wa kwaya. Mwaka ule wa 1996 vita vilipowakimbiza yeye na mkewe Esperance hadi ng'ambo ya ziwa, kambini Lugufu, alitunga wimbo mmoja, "Alituhesabu Tukivuka". Aliutunga kwa ajili ya wale ambao hesabu yao haikutimia upande wa pili. Kambi nzima iliuimba. Ulitoka kambini midomoni mwa watu wasiojulikana, ukaingia kwenye kanda za Bukavu, za Kigoma na za Nairobi, ukavuka bahari, na mwaka 2004 ulikuwa kwenye sahani za muziki wa kwaya zilizouzwa pale Garland kwenye duka la mihogo na mafuta ya mawese. Kwenye majalada yote palikuwa na maneno yale yale: wimbo wa asili. Tharcisse alizinunua sahani hizo, akazipanga kabatini, akanyamaza. Lilimuuma, na hakuna haja ya kulificha.

Kwa hiyo mzee aliposema habari ya wimbo wake mmoja, Tharcisse hakuuliza maswali mengi. Alichukua karatasi za orodha ya vyakula, akazigeuza upande mweupe, akapiga mistari kwa rula, na asubuhi iliyofuata, wakati wa kumwogesha, akaanza kuandika. Hakuandika kwa vile vichwa vyeusi vyenye mikia wanavyosomea Wazungu. Aliandika kwa do-re-mi ya herufi, kama kwaya zote za kwao, herufi moja kwa kila sauti na nukta mbili kwa kila pigo. Mzee aliitazama ile karatasi, povu likimtiririka shingoni.

"Hakuna mistari mitano," alisema.

"Karatasi ya mistari ni bei, mzee. Herufi kila mtu anazo."

Mzee akasema hilo ni jambo la busara na kwamba anasikitika halimo kitabuni mwake. Kisha akaanza kuimba soprano, kwa kisauti kama cha mlango wa kabati, na Tharcisse akaanza kutaja soprano ile kwa herufi ili aiandike. Mzee akainua kidole chenye sabuni.

"Tumeanza vibaya. Soprano ninaikumbuka vizuri, inaweza kungoja. Tuanze na besi. Besi ndiyo hufundishwa kwanza."

Tharcisse akaishusha kalamu. Besi kwanza ilikuwa kanuni ya Mwalimu Vital, aliyemlea kwa fimbo na kwa wimbo pale Uvira. Akamuuliza mzee mwenye sauti dhaifu huwekwa wapi. Mzee akasema huwekwa katikati, asimame kati ya wenye nguvu ili asiisikie sauti yake. Na kabla ya ubeti wa mwisho? Kabla ya ubeti wa mwisho, alisema mzee, watu wote hunyamaza kwa muda wa mtu mzima kunywa funda moja la maji, ndipo huanza, na mwalimu haonyeshi kwa mkono, wanahisi wenyewe. Na je, wimbo mzima anapewa nani?

"Hapewi mtu," alisema mzee. "Unagawiwa sauti nne, na kila sauti inajua fungu lake tu. Panya akila karatasi, moto ukichoma kanisa, wimbo uko kwa watu. Niliyaandika hayo sura ya sita."

Maji ya bafu yalikuwa yanapoa. Tharcisse akakaa juu ya kifuniko cha choo. Hayo yote aliyafanya tangu alipokuwa na miaka kumi na sita. Hayo yote kila kwaya aliyoijua iliyafanya, kuanzia Uvira mpaka Baraka, mpaka kambini, mpaka hapa. Mwalimu Vital aliyapata kwa mmisionari mmoja wa Kiswidi, aliyekuwa nayo kwenye kitabu kilichopoteza jalada melini, na ambaye akiulizwa ni cha nani alijibu kuwa hajui, ni mambo ya wazee.

"Mzee," alisema, "sisi kwetu tunafundisha vile vile. Njo vile kabisa. Makanisa yote, pande zote za ziwa. Watu maelfu na maelfu, kila Jumapili. Kumbe ni wewe."

Mzee Dornbusch alilia, na kwa vile alikuwa mwepesi mno, kila chozi lilipodondoka aliinuka kidogo majini kwa kupungukiwa na uzito wake. Tharcisse alimshika bega mpaka akamaliza.

Jumatatu iliyofuata mizani ilisema kumi na tatu. Tharcisse aliitazama kwa hasira, kwa kuwa alidhani watu maelfu hawakosi kumwongezea mtu chochote. Mzee akamfafanulia bila uchungu: kanuni zake zilikuwa na watu maelfu, jina lake halikuwa na hata mmoja, na mizani hupima jina.

Basi ikawa mbio. Besi iliisha kuandikwa kwa siku nne, mzee akiwa na paundi kumi. Alto ikaisha akiwa na saba. Soprano ikatoka kwa siku mbili. Wakafika kwenye tenori, na tenori haikuwepo. Mzee alifunga macho, akafungua mdomo, akaufunga. Alijaribu tena baada ya chakula cha mchana. Mahali ilipokuwa tenori, alisema, palikuwa na unyevunyevu tu.

Usiku ule Tharcisse hakufanya lolote ila kulala, kwa kuwa alichoka. Asubuhi, akimenya yai jikoni mwake, aliziimba besi na alto moyoni, na katikati yao, mahali palipoachwa wazi, akasikia kitu kimeshakaa. Kilikuwa ni "Alituhesabu Tukivuka", kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kupunguza wala kuongeza sauti hata moja. Kiliingia kama droo inavyoingia kwenye meza yake. Alimwita mkewe, akamwimbia besi kwa mdomo na kumpigia alto mezani kwa kijiko, kisha akaiimba ile sauti ya katikati. Esperance alikuwa amevaa sare ya kiwanda, mkoba begani, amechelewa tayari.

"Baba Kethia," alisema, "huo ni wimbo wako ulioutunga usiku ule tuko chini ya turubai. Nilikuwa nimekushikia taa."

Akaenda kazini. Tharcisse akaiandika tenori.

Kwaya ya Wakongo ilikuwa na waimbaji ishirini na wanane na ilifanya mazoezi Jumamosi mchana katika jengo ambalo kanisa la Wamarekani liliwaazima. Tharcisse aliwagawa kama kawaida: besi stoo ya viti, alto jikoni, soprano kwenye ngazi, tenori karibu na choo. Aliwapa na neno moja jipya. Kabla ya kuimba, kila mmoja ataje jina la mtunzi. Wakalitaja kila mtu kwa ulimi wake, Donibushi, Doribushi, na bibi mmoja wa soprano akaliombea kabisa.

Kiongozi wa tenori alikuwa kijana mmoja aitwaye Kalume, mpakia mizigo wa ghala moja la Euless karibu na uwanja wa ndege. Baada ya mistari miwili alishusha karatasi akicheka.

"Mwalimu, hii si ya huyo Donibushi. Hii ni 'Alituhesabu'."

Tharcisse alisema ndiyo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kambini, akasema neno ambalo lilikuwa limemkaa kooni miaka minane.

"Ni yangu. Niliitunga mimi."

Kalume alimtazama kwa heshima na huruma, jinsi mtu anavyomtazama mkubwa aliyechoka. "Lakini mwalimu, ule ni wa zamani kabisa. Bibi yangu aliuimba akiwa mtoto." Tenori wengine wakaitikia kwamba hata bibi zao. Tharcisse akasema haya, tuendelee, kutoka mwanzo.

Jumapili mzee alikuwa na paundi nne. Gari la Mierebi liliendeshwa na Mwadini, Mwislamu wa Mombasa, mtu wa utani, ambaye siku hiyo alikuwa amefuta ratiba yake ya kupeleka wazee dukani. Alimpokea mzee kutoka mikononi mwa Tharcisse, akampima kwa kiganja, akamfunga mikanda miwili.

"Mwalimu," alisema, "huyu akipiga chafya tutamwokota Oklahoma."

Njiani Tharcisse alimsimulia habari ya kitabu kilichoazimwa na tenori isiyoaminiwa. Mwadini alisikitika, akasema ndiyo dunia, asiyekuwapo na lake halipo.

"Lakini mimi nipo," alisema mzee kutoka nyuma.

"Ni kweli, baba," alisema Mwadini. "Samahani."

Waliingia saa nane mchana. Mzee aliwekwa mbele katika kiti cha magurudumu, koti lake linalodondosha mabegani na ndoo chini yake, nyayo zake zikielea kiasi cha shubiri moja juu ya zulia. Mwadini alisimama mlangoni, kofia mkononi. Katika kiti cha nyuma alikaa Bwana Whitlow, mwimbishaji wa kanisa la wenye jengo, ambaye alikuja kuhakikisha mashine ya kupasha joto imezimwa.

Waimbaji ishirini na wanane wakasema jina. Kisha besi wakaanza.

Wengi wao walikuwa wamelala kwa muda wa saa nne tu, maana ghala na viwanda havijui Jumapili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia wimbo ule mzima, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na fungu lake. Besi ikatandika chini. Alto ikaja, kisha soprano na maneno ambayo Tharcisse aliyatia katika Kiswahili: *Usizime taa, Bwana, mmoja bado yuko njiani.* Halafu tenori ikapita katikati yao, ikiwa imevuka ziwa, na kwa mara ya kwanza watu wote wakasikia walichokuwa wameshika kila mmoja kipande chake. Bibi wa soprano alifumba macho. Kalume aliimba kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeonyeshwa nyumba yake kwa mara ya kwanza. Tharcisse hakuwa akionyesha tena kwa mkono. Alikuwa amesimama tu, kwa furaha na kwa woga, kama mtu aliyesimama karibu na kitu kikubwa mno.

Koti lilianza kukauka. Harufu ya nguo iliyopigwa pasi ikajaa ukumbini, na matone ndooni yakachelewa, yakachelewa zaidi, yakakoma. Kiti cha magurudumu kikalia, mipira yake ikabonyea. Nyayo za mzee zikashuka, vidole kwanza, kisha visigino, zikagusa zulia.

Kabla ya ubeti wa mwisho wote wakanyamaza kwa muda wa mtu mzima kunywa funda moja la maji. Katika kimya kile ilisikika mbao ya sakafu ikikubali uzito. Wakaanza pamoja.

Wimbo ulipokwisha, Mwadini alivaa kofia yake, akaja kumshika mzee kwapani amnyanyue, na ikambidi ajiweke sawasawa na kupumua kwanza. Bwana Whitlow alikuja mbele akilia waziwazi, akaomba kujua ni wimbo gani huu. Tharcisse alimwandikia majina mawili kwa herufi kubwa, la mzee na la kwake, akampa na nakala ya karatasi zote nne. Bwana Whitlow alikiweka kile kikaratasi ndani ya Biblia yake.

Jumatatu mizani ilisema arobaini na sita. Tharcisse alitoa zile nne za mwanzo, akagawa zilizobaki. Kila mwimbaji alikuwa anamshikilia mzee kwa paundi moja na nusu. Msimamizi aliandika kwamba maziwa ya chokoleti yamefanya kazi, akaagiza yaendelee.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa mwezi wa tatu, Bwana Whitlow alikuja mwenyewe Mierebi na pai ya njugu za pekani na vitabu kumi vya bure. Alikuwa ameuandika ule wimbo kwa nota za mistari mitano, na kampuni ya vitabu vya kwaya ilikuwa imeuchapisha. Makanisa mia tatu yalikuwa yakiuimba, Dallas, Fort Worth, mpaka Houston, ambako kwaya ya watu mia mbili iliuimba siku ya Pasaka. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa: wimbo wa asili wa Kiafrika, umepangwa na R. Whitlow. Aliona aibu kidogo, na aliisema aibu hiyo. Aliwapelekea majina yote mawili, alisema, lakini fomu yao haikukubali mtunzi wa mwaka 1729, na lile jina la pili walipolitafuta hawakulipata popote isipokuwa kwenye orodha ya waosha wazee. Tharcisse alimshukuru kwa pai. Alikuwa mtu mwema, na pai ilikuwa nzuri.

Jumatatu iliyofuata mzee alikuwa na arobaini na sita kamili. Makanisa mia tatu hayakuongeza hata wakia.

Tharcisse alimlaza, akasita, kisha akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha mizani, na viatu vyake miguuni. Aliisoma namba, akainuka, akakaa tena. Ilikuwa ile ile. Akaiandika chini ya ile ya mzee, kwenye karatasi hiyo hiyo ya wiki, kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine.

"Umepungua ngapi?" mzee aliuliza.

"Tatu."

"Ni kidogo. Mimi mwaka wa kwanza nilipungua kumi." Alifikiri kidogo, akilivuta koti lake kavu mabegani. "Lakini wewe una mke aliyekushikia taa. Mimi sikuoa."

Tharcisse akasema ni kweli. Nje lori la kiwanda cha milango lilikuwa likirudi nyuma, likilia. Mzee akasema kwamba tangu Jumapili ile kuna kitu kinarudi, si wimbo mzima, kipande tu, pengine ni ule wa thelathini na mbili. Tharcisse akageuza orodha ya chakula cha mchana, akatafuta rula yake chini ya mto, akapiga mistari, akaanza na besi.